Tuzo zako kwenye fomu ya chuo Marekani: jinsi ya kuziandika zikaeleweka

Wadogo zangu mnaojaza Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, leo tuongee kuhusu ile sehemu ya tuzo ambayo watu wengi wanaijaza usiku wa deadlaini macho yakiwa yameshachoka. Insha mtu anaihangaikia miezi, anaifuta anaiandika upya, anampa kila mtu aisome, alafu tuzo anazimwaga haraka haraka na ukisoma alichoandika huelewi kitu. "Mshindi, 2024." Mshindi wa nini, na alimshinda nani? Shida kubwa ni hiyo, mtu anaandika jina la tuzo akidhani jina linatosha, kumbe anayesoma hajawahi kulisikia, ana mafaili mengine kibao yanamsubiri na hatakaa aanze kugugo kwa ajili yako. Kwahiyo kila mstari una kazi moja, mtu asiyekujua na asiyeijua shule yako akimaliza kuusoma awe ameelewa ulipewa hiyo tuzo kwa kufanya nini na kuipata kulikuwa kugumu kiasi gani.

Kwanza uijue fomu. Common App inakupa nafasi 5 za tuzo, sio zaidi. Kila nafasi ina kisanduku cha herufi 100, na spesi inahesabiwa, koma inahesabiwa, yaani kila unachobonyeza. Alafu unatiki darasa ulilokuwa ulipoipata, kuanzia la 9, na unatiki ngazi: shule, jimbo au kanda, taifa, kimataifa. Imeisha hiyo. Hamna pa kuweka cheti wala pa kujieleza, zile herufi 100 ndo jina, ndo maelezo, ndo kila kitu. Na swali lenyewe linauliza tuzo zinazohusu masomo tangu darasa la 9, kwahiyo kombe ulilopata darasa la 7 hata kama mama kaliweka sebuleni halina nafasi hapa. Waliosoma nje ya Marekani mnahesabu madarasa yanayolingana na hayo, miaka ya mwisho ya sekondari.

Kabla hujafungua fomu kaa chini uandike listi ya kila kitu ulichowahi kupewa, usichuje bado. Pembeni ya kila tuzo andika nani anatoa, wanaoshindana ni wangapi, wanaopewa ni wangapi, vigezo ni nini, ilikuwa darasa gani. Hizo namba ndo dhahabu yenyewe na ndo kitu watu hawana, kwasababu wakati wa kupokea cheti hakuna anayefikiria kuuliza "samahani mwalimu, tulikuwa wangapi?" Muulize sasa. Mwandikie mwalimu aliyesimamia, angalia tovuti ya waandaaji, angalia ile barua ya pongezi, mara nyingi namba imo humo kwenye sentensi ya pili uliyoiruka. Ukikosa kabisa usibuni. Badala ya namba andika jinsi mtu anavyochaguliwa, mfano "anachaguliwa na walimu wote wa hisabati", hiyo nayo inaonyesha uzito bila kudanganya mtu.

Sasa kuchuja. Watu wengi wanapanga kwa ngazi, kimataifa juu, shule chini, na mi nadhani hapo wanakosea. Angalia uchache kwanza. Tuzo ya shule anayopewa mwanafunzi mmoja kwa mwaka mzima ina uzito kuliko cheti cha "kimataifa" cha mashindano ya mtandaoni ambayo kila aliyejisajili alipata medali. Ukimaliza uchache angalia inahusianaje na unachotaka kusoma, manake mtu anayeomba uhandisi akiwa na tuzo ya fizikia na tuzo ya tahajia na zote zina uzito unaokaribiana, ya fizikia itangulie. Mwisho angalia upya wake, ya darasa la 11 kabla ya ya darasa la 9. Ukipata tano zako ziweke kwa mpangilio huo huo, nzito juu kabisa, usipange kwa tarehe. Anayesoma anaweza kuwa na nguvu ya mistari miwili ya kwanza tu, mingine akaipitisha macho.

Na unganisha vinavyoungana! Nimeona fomu ina honor roll (orodha ya shule ya wenye alama nzuri kila muhula) ya darasa la 9 mstari mmoja, ya darasa la 10 mstari mwingine, ya darasa la 11 mwingine tena, nafasi tatu kati ya tano zimekwisha kwa kitu kimoja. Hiyo ni laini moja, tiki madarasa yote matatu, andika "mihula yote 6". Hivyo hivyo kwa mashindano yenye hatua. Kama ulifanya AMC 12, shindano la hisabati la sekondari Marekani, ukafuzu kwenda AIME ambayo ni hatua inayofuata, usiandike mara mbili, andika ile ya juu uliyofika na ya chini iwe ndani yake. Hapo hapo kwenye hisabati angalia kalenda, AMC inafanywa Novemba na AIME inakuja baada ya mwaka mpya, kwahiyo anayeomba mapema kwa deadlaini ya Novemba mosi ataandika matokeo ya darasa la 11, ya mwaka huu hayatakuwa yametoka.

Haya, kuandika. Fomu utaijaza kwa Kiingereza ila hapa naweka mifano kwa Kiswahili tuelewane. Mtu ameandika hivi:

Mshindi wa Pili, Shindano la Insha

Hapo ametumia theluthi moja tu ya nafasi yake, zingine zote kaziacha tupu. Insha ya nini? Darasani kwao walikuwa kumi? Linganisha na hii:

Wa 2 kati ya insha 340, Shindano la Insha za Sayansi la Jimbo. Niliandika juu ya maji ya visima

Hiyo ni herufi 95 na spesi zake, imeingia. Nafasi yako imo, wingi wa watu umo, ngazi imo, na mada imo, na mada ndo inayomfanya msomaji aseme kumbe huyu ana kitu anachokifuatilia, hasa kama kwenye shughuli zako kuna klabu ya mazingira.

Kuna aina nyingine ngumu zaidi, tuzo zenye jina la mtu. Shule nyingi zina tuzo ya kumbukumbu ya mwalimu fulani au mfadhili fulani, pale shuleni kila mtu anajua ni kubwa, ukitoka geti hakuna anayejua. Jina kama hilo likikaa peke yake ni sawa na hujaandika kitu. Fanya hivi:

Tuzo ya Fulani: anapewa mwanafunzi 1 wa kemia kati ya 210 kwa mwaka, huchaguliwa na walimu

Ukibanwa na herufi punguza jina la tuzo kabla hujapunguza maelezo. Najua inauma kwasababu jina ndo limeandikwa kwenye cheti kwa wino wa dhahabu, lakini majina ya tuzo mengi ni marefu bila sababu, yana "ya Mwaka ya Ubora wa Kitaaluma" ambayo haimwambii mtu lolote. Toa mwaka, manake darasa umeshalitiki. Toa neno "tuzo" kama inaeleweka. Toa "nilitunukiwa", toa "kwa heshima kubwa". Tumia tarakimu, 3 badala ya tatu, tumia alama ya asilimia. Vifupisho sawa ila viwe vile ambavyo dunia nzima ya udahili inavijua, GPA (wastani wa alama), AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari), SAT (mtihani wa kuombea chuo). Kifupisho cha klabu yenu ya shule usikiweke, hakuna atakayekijua. Na usijisifie kwa vivumishi. "Tuzo yenye hadhi ya juu sana" imekula herufi zako na haijathibitisha chochote, "1 kati ya 210" imethibitisha.

Sasa kutiki ngazi, hapa watu wanajiingiza matatizoni bila kujua. Ngazi unayotiki ni ile uliyotambuliwa WEWE, sio ukubwa wa mashindano. Shindano linaweza kuwa la nchi nzima lakini wewe ulishinda hatua ya wilaya ukaishia hapo, basi yako ni jimbo au kanda, sio taifa. Mfano mzuri ni Scholastic Art & Writing Awards, yale mashindano ya sanaa na uandishi yaliyoanza 1923. Kuna Gold Key ambayo inatolewa kwenye kanda, na kuna Gold Medal inayotolewa kitaifa kwa kazi zilizopata Gold Key zikashindanishwa tena. Majina yanafanana, uzito haufanani hata kidogo, na anayesoma mafaili kila siku anaijua tofauti. Ukiwa na Gold Key ukatiki taifa umejiharibia mwenyewe kitu ambacho kilikuwa kizuri tayari.

National Merit, ile programu ya kitaifa ya skolashipu Marekani, nayo inachanganya watu. Inatokana na mtihani wa PSAT unaofanya darasa la 11, wanafunzi zaidi ya milioni moja wanaingia, na Septemba ya darasa la 12 takriban 16,000 wanaambiwa wamefika nusu fainali (Semifinalist) na wengine takriban 34,000 wanapata barua ya Commended, yaani wamepongezwa ila hawaendelei. Zote mbili ni ngazi ya taifa, tiki bila wasiwasi. Ila wanaofika fainali wanatangazwa Februari, wakati huo fomu nyingi zimeshatumwa zamani, kwahiyo mtu anayeandika mwezi wa kumi na moja kwamba yeye ni "mshindi wa National Merit" anaandika kitu ambacho bado hakipo. Andika Semifinalist kama ndo ulipo. Ni jina kubwa hilo.

AP Scholar ni nzuri na ni halali, inatolewa na College Board, wenye mitihani ya AP na SAT, kwa aliyepata 3 au zaidi kwenye mitihani 3 au zaidi ya AP, na kuna ngazi za juu yake, ya Honor na ya Distinction. Ila alama zako za AP zinaonekana sehemu nyingine ya fomu kama umeziandika, na msomaji atajijumlishia mwenyewe. Mi ningeiweka kama nina nafasi tupu, na ningeandika ya juu kabisa niliyofika tu. Kama una vitu vitano vyenye nguvu zaidi, AP Scholar ndo ya kwanza kutoka. National Honor Society, chama cha wanafunzi wanaofanya vizuri, ni hivyo hivyo, ipo tangu 1921, ipo kwenye shule nyingi mno na kwa wengi ni suala la kufikisha wastani unaotakiwa pamoja na huduma kidogo, kwahiyo uanachama peke yake haumshangazi mtu. Ulikuwa kiongozi wake ukaendesha mradi? Hiyo ipeleke kwenye shughuli, huko kuna uhai.

Alafu kuna zile barua. Bahasha nzuri, karatasi nzito, "umeteuliwa miongoni mwa wanafunzi bora wa taifa", ukifika chini unaambiwa ulipie ada ya uanachama au ununue kitabu chenye jina lako. Kipimo changu ni rahisi, kama kila anayelipa anapewa, hiyo ni risiti. Iache nje. Wasomaji wa udahili wanayajua hayo majina kwa miaka mingi na ukiliweka la kwanza kwenye listi yako linaishusha hadhi ile ya pili ambayo uliipata kwa jasho. Usichanganye lakini na mashindano yanayotoza ada ndogo ya kushiriki, hayo ni kawaida, huko unalipia kuingia ila ushindi haununuliwi.

Vipi tuzo za michezo, muziki, uongozi? Kwa Common App njia safi ni kuziingiza kwenye sehemu ya shughuli. Huko una nafasi 10 na kila moja ina herufi 150 za maelezo, kwahiyo kama umecheza mpira ukawa mchezaji bora wa ligi, andika humo humo kwenye maelezo ya mpira. Faida yake unaokoa nafasi ya tuzo na msomaji anaiona tuzo pamoja na kazi iliyoizaa. Hilo pia ndo linajibu swali la kurudia, kitu kimoja kikae sehemu moja. Ukikiweka kwenye tuzo, kwenye shughuli tumia herufi kusema mengine uliyofanya. Kuna watu wanaweka za michezo kwenye zile tano na hawakataliwi, na kama ni kubwa ya kitaifa mi pia ningeiweka, ila usisukume nje ya kimasomo yenye nguvu.

Vyuo vingine vina fomu zao na hapo huwezi kukopi na kupesti. MIT haitumii Common App, yenyewe inakupa nafasi 5 za tuzo za masomo na 5 za yasiyo ya masomo, kwahiyo zile ulizozisukuma kwenye shughuli huku zinarudi kukaa mahali pake. Vyuo vya University of California (UC) navyo vina fomu moja ya kwao, na hiyo ndo inayofurahisha kwa upande wa tuzo. Shughuli na tuzo vimewekwa pamoja, jumla nafasi 20, na kwa kila tuzo unapewa herufi 250 kueleza vigezo vya hiyo tuzo na herufi 350 kueleza wewe ulifanya nini ukaipata. Usiandike kitu kile kile mara mbili! Kisanduku cha vigezo ni cha kuzungumzia tuzo: nani anaruhusiwa, wanashindana wangapi, wanaochagua ni kina nani. Kisanduku cha pili ni chako wewe, ulisoma nini, ulijenga nini, ulirudia mara ngapi, kitu gani kilishindikana ukakibadilisha. Na kwavile UC kwa kawaida hawachukui barua za walimu wakati wa kuomba, hakuna mtu mwingine atakayekusemea kwamba tuzo hiyo ni ngumu, ni hivyo visanduku tu.

Kama ulisoma nje ya Marekani hili linakuhusu mara mbili. Mashindano ambayo kwenu kila mzazi anayajua, msomaji wa huko hayajui kabisa, kwahiyo anza na ukubwa ndo uje kwenye jina. "Wa 4 kitaifa kati ya 12,000, fizikia" inaeleweka kokote, jina rasmi likitosha liweke mwishoni. Taifa maana yake ni nchi yako, usiogope kutiki taifa eti kwasababu sio Marekani. Na ikiwa jambo linahitaji maelezo ambayo herufi 100 haziwezi kabisa, Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada, ila kuanzia msimu wa 2025-2026 imepunguzwa mpaka maneno 300, kwahiyo tumia sentensi mbili au tatu kueleza mfumo na uishie hapo. Usiigeuze kuwa listi ya tuzo ya sita mpaka ya ishirini. Ulipewa tano makusudi.

Na wale mnaoangalia hizo nafasi 5 na hamna cha kuweka, kwanza hakuna sheria inayosema lazima zijae. Mbili nzuri zinatosha. Hata kuacha wazi unaruhusiwa, na wasomaji wanajua kuna shule hazitoi tuzo na kuna watoto wanaotoka darasani kwenda kazini au kulea wadogo zao, hiyo kazi ina nafasi yake kwenye shughuli na inahesabika. Ila kabla hujaacha wazi jiulize vizuri, manake wengi wanavyo vitu hawavihesabu kama tuzo. Ulichaguliwa kwenye programu ya likizo ambayo wanachuja waombaji na ni bure? Hiyo ni heshima. Ulipata skolashipu ya kusoma sekondari? Heshima. Insha yako ilichapishwa? Mwalimu alikuteua uwakilishe shule mahali? Na kwa watoto wetu mnaosoma Marekani na nyumbani mnaongea Kiswahili, kuna kitu kinaitwa Seal of Biliteracy, California ndo waliianza, sheria yake ilisainiwa 2011, na sasa imeenea majimbo mengi. Unathibitisha kwa mtihani kwamba unajua Kiingereza na lugha nyingine, kwahiyo kaunsela wako muulize mapema kama kwenu unaweza kuipata kwa Kiswahili. Kama utapewa siku ya kuhitimu, andika wazi kwamba inatarajiwa.

Kuhusu kuongeza chumvi sitasema mengi. Mwisho wa fomu unasaini kwamba ulichoandika ni kweli, kaunsela wako anatuma ripoti yake, na UC wanachagua waombaji kadhaa bila mpangilio na kuwataka walete uthibitisho wa walichoandika, usipojibu fomu yako inaweza kuondolewa. Chuo kinaweza kukunyang'anya nafasi hata baada ya kukupokea. Wa 3 andika wa 3.

Ukishajaza fungua ile PDF ya kuangalia kabla ya kutuma, usisome kwenye visanduku. Kwenye PDF ndo utaona msomaji anaona nini, na utakuta neno la mwisho limekatika au tuzo ya nne ilitakiwa iwe ya kwanza. Mpe mtu asiyesoma shule yako, shangazi au jirani, mwambie akueleze kila tuzo ni ya nini. Akikwama kwenye mstari, huo andika upya, usimfafanulie kwa mdomo kwasababu hutakuwepo ofisini kwao ukifafanua.

Tuzo ikija baada ya kutuma, kwa chuo ambacho umeshakitumia fomu huwezi kuibadilisha, ila kwa vyuo ambavyo bado unaweza kuiweka kabla hujatuma. Kwa vile vilivyokwisha pokea, ingia kwenye akaunti uliyofunguliwa na chuo uone kama wanapokea taarifa mpya, vingine vina sehemu yake, vingine vinataka barua pepe, na vingine wamesema wazi hawataki. Tuma mara moja, mistari mitatu, tuzo gani, kati ya wangapi, lini. Na iwe kitu kizito kama kufika fainali ya National Merit au kufuzu kwenda hatua ya taifa, honor roll ya muhula wa kwanza wataiona wenyewe kwenye ripoti ya katikati ya mwaka.